Ushuhuda Si Ithibati: Mafuta ya Mbegu na Maradhi ya Utumbo

Kuanzia Thika hadi Ruiru, katika maduka ya dawa za asili, katika vibanda vya sokoni, katika stendi za matatu na katika simu za mkononi ambazo siku hizi zimekuwa waganga wa kila nyumba, imeenea rai moja ambayo ni nadra kupata mpinzani: ya kuwa mtu aliyeshikwa na maradhi sugu ya utumbo, yale ya kuharisha damu, kusokotwa na tumbo, kukonda, na kurudiwa na ugonjwa kila adhaniapo kuwa amepona, hana haja ya kujitia mikononi mwa hospitali, maadamu kijiko cha mafuta ya habasoda asubuhi na jioni, au ya kitani, au ya mlonge, chamtosha. Rai hii husemwa na muuzaji kwa sauti ya yakini, hukaririwa na mnunuzi kwa sauti ya shukrani, na hata mwenye elimu, akiulizwa, hunyamaza kwa kuchelea kuonekana kuwa ameyadharau mambo ya wazee au ya dini. Mimi naipinga. Siipingi kwa kuidharau mbegu, wala kwa kuamini kuwa kila kilicho katika chupa ya hospitali ni kheri. Naipinga kwa sababu dai la kuwa dawa imekwisha kuthibitika, hali haijathibitika, humdhulumu mgonjwa kwanza na huidhulumu mbegu yenyewe baadaye, kwa kuwa huufunga mlango wa uchunguzi ambao peke yake ungaliweza kuifanya kuwa dawa.

Rai hii ina nguvu zake, na insafu yanitaka nizitaje kabla sijaijibu. Mbegu hizi ni kongwe kuliko hospitali zetu zote. Hupatikana karibu, kwa bei ambayo mtu wa kibarua aimudu. Na muuzaji wake aghalabu humsikiliza mgonjwa mpaka akamaliza maneno yake, hali tabibu wa hospitali ya serikali, mwenye foleni ya watu mlangoni, hana ila dakika chache za kumpa. Mgonjwa aliyetibiwa amiba mara tatu na vidonda vya tumbo mara nne, bila ya mtu yeyote kuutazama utumbo wenyewe, ana haki ya kuchoka, na aliyechoka halaumiwi akienda kwa anayempokea. Fauka ya hayo, mbegu si kitu kitupu. Habasoda ina kiini kiitwacho thaimokwinoni, ambacho wanakemia wamejua kukitenga tangu mwaka 1963, na kitani ina asidi ya mafuta ya jamii ya omega-3. Na viini hivi, vikitiwa katika chembehai zilizooteshwa maabarani, hupunguza kweli baadhi ya ishara za mchochota. Yote haya nayakubali. Nisilolikubali ni ule mruko wa kutoka hapo hadi kwenye kupona, maana baina ya kiini kinachotuliza chembehai katika kijisahani cha maabara na mafuta yanayomponya mkazi wa mtaa wa Makongeni hapa Thika ziko hatua nyingi, na katika kila hatua zimekwisha kuanguka dawa zilizobeba matumaini makubwa kuliko haya.

Na tuyajue kwanza maradhi tunayoyazungumza, kwa kuwa mitaani kwetu kila maumivu yaliyo chini ya mbavu huitwa vidonda vya tumbo, au amiba, au homa ya matumbo, na yote hupewa chupa ile ile. Mchochota sugu wa utumbo ni maradhi mawili makubwa: kolaitisi ya vidonda, iliyoelezwa na Samuel Wilks wa London mwaka 1859, ambayo makao yake ni utumbo mpana, na ugonjwa wa Crohn, uliochukua jina la tabibu wa New York ambaye pamoja na wenzake Ginzburg na Oppenheimer aliueleza mwaka 1932, nao waweza kushika mahali popote tangu kinywani hadi mwisho wa njia ya chakula. Katika yote mawili kinga ya mwili, iliyoumbwa kupigana na adui wa nje, hugeuka ikaushambulia utumbo wa mwenyewe, ukavimba, ukachubuka, ukatoka damu. Wala hakuna kijidudu kimoja ambacho kikiuawa shauri limekwisha. Zamani ilidhaniwa kuwa mambo haya hayamhusu Mwafrika. Denis Burkitt, aliyefika Uganda mwaka 1946, na Hugh Trowell, aliyetumikia Kenya na Uganda, waliandika kwamba maradhi mengi ya utumbo yaliyowasumbua watu wa Ulaya yalikuwa adimu kwa Waafrika, nao wakalitia jambo hilo katika hesabu ya vyakula vyenye makapi mengi tulivyokuwa tukila. Vyakula vimebadilika, miji imekua, na matabibu wa Nairobi wanaochungulia utumbo kwa kamera wamekuwa wakiyakuta maradhi haya kwa Wakenya wenyeji tangu miaka ya 1990. Lakini iko sifa moja ya maradhi haya ambayo ndiyo ufunguo wa malumbano yangu yote, nayo ni kwamba huja na kuondoka: humlaza mtu kitandani mwezi mzima, kisha humwachia kwa miezi au hata miaka bila ya sababu inayojulikana, kisha humrudia.

Hoja ya kwanza ya wale ninaowapinga ni ushuhuda. Watasema: fulani wa Ruiru alikuwa akiharisha damu, akanywa mafuta, damu ikakatika, je, utamwita mwongo? Hasha, simwiti mwongo. Namsadiki kuwa aliugua, namsadiki kuwa alikunywa, namsadiki kuwa alipata nafuu. Swali langu ni jingine: je, angalikuwaje kama asingalikunywa? Mtu haendi kutafuta dawa mpya siku ambayo tumbo limetulia, bali huenda siku ambayo dhiki imefika kileleni. Na kwa kuwa tabia ya maradhi haya ni kupanda na kushuka, anayebadili dawa siku ya dhiki kuu aghalabu ataona nafuu baada yake, iwe amekunywa mafuta, au maji, au uji wa wimbi. Kufuatana kwa mambo mawili si hoja ya kuwa la kwanza ndilo lililoleta la pili.

Wala jambo hili si fikira yangu tu. Mwaka 1955 matabibu wawili wa Oxford, Truelove na Witts, walitangaza matokeo ya jaribio la kotisoni kwa wagonjwa 210 wa kolaitisi ya vidonda. Wagonjwa waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa kotisoni, na wengine wakapewa kidonge kilichofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani yake. Yalipotimia majuma sita, katika kila mia ya waliopewa kotisoni, 41 walikuwa wametulia. Na katika kila mia ya waliopewa kidonge kitupu, walitulia 16. Nawasihi wasomaji wasipite haraka juu ya hao 16. Lau kila mmoja wao angalikuwa amepewa chupa ya habasoda na mtu wa sokoni, leo tungalikuwa na mashahidi 16 katika kila wagonjwa mia, wote wakweli, wote wenye shukrani, wote tayari kuapa kuwa mafuta yamewaponya. Na wale 84 waliobaki wasingalisikika, kwa kuwa mtu ambaye dawa haikumfaa harudi kwa muuzaji kumpa habari, bali huondoka kimya kwenda kutafuta nyingine. Ndiyo maana ushuhuda, ujapokuwa wa watu waaminifu, hauwezi kuwa ithibati: huwahesabu walionufaika na kuwasahau waliokosa. Kotisoni haikupata heshima yake kwa sababu ya wale 41, bali kwa sababu ya umbali uliokuwapo baina ya 41 na 16. Mafuta ya mbegu bado hayajatuonyesha umbali wake ni kiasi gani, na anayetaka tuyaamini bila ya kuuonyesha anatutaka tuamini kwa imani ile ambayo kidonge kitupu nacho kingeidai.

Hoja ya pili ni ya kisasa. Muuzaji wa leo ameambiwa kuwa uko utafiti, naye huutaja kwa fahari, na ni kweli kuwa uko. Panya hutiliwa katika njia ya haja asidi ya asetiki, ile iliyomo katika siki, au hunyweshwa maji yaliyochanganywa na dekstrani salfeti, utumbo wake ukachubuka. Kisha hupimwa kama yule aliyepewa mafuta ya habasoda, au thaimokwinoni yenyewe, amedhurika kidogo kuliko mwenziwe asiyepewa. Mara nyingi hudhurika kidogo kweli. Walakini mtafiti aghalabu humpa panya dawa kabla ya kumjeruhi, au siku ile ile ya kumjeruhi, na mgonjwa wetu huja baada ya miaka ya kujeruhiwa; jeraha la panya, kiwasho kikiondolewa, huelekea kupona lenyewe kwa muda mfupi, na jeraha la mgonjwa wetu halina kiwasho cha kuondolewa, kwa kuwa kinachomwasha ni mwili wake mwenyewe. Majaribio ya panya ni ya kheri, na mimi si katika wale wanaoyacheka; lakini kazi yake ni kutuonyesha mahali pa kuchimba, wala si kututangazia kuwa maji yamepatikana.

Majaribio ya wanadamu nayo yapo, hasa nchini Iran, ambako habasoda na kitani zimejaribiwa kwa wagonjwa wa kolaitisi ya vidonda. Katika jaribio moja la kitani lililotangazwa mwaka 2019, wagonjwa waligawanywa mafungu matatu: wa kwanza wakapewa unga wa mbegu, wa pili wakapewa mafuta yake gramu 10 kwa siku, na wa tatu wakaachwa na matibabu yao ya kawaida. Baada ya majuma 12 baadhi ya vipimo vya mchochota vilikuwa vimeshuka kwa waliopewa. Ni habari njema, na waliofanya kazi ile wanastahili shukrani. Lakini hesabu yao haikuzidi watu mia moja, muda wao haukufika robo mbili za mwaka, na kila mgonjwa alijua kama amepewa mafuta au hakupewa. Na katika maradhi ambayo nusu ya kipimo ni mgonjwa mwenyewe kueleza anavyojisikia na amekwenda msalani mara ngapi, kujua huko huathiri jibu. Watafiti wenyewe hawakudai zaidi ya walichokiona. Madai makubwa yamezaliwa njiani, baina ya jarida lao na rafu zetu.

Mtu asidhani kuwa nataka jaribio kubwa kwa ushupavu tu. Yako mafuta yaliyoipita njia hii kabla ya habasoda, nayo ni mafuta ya samaki, yaliyosifiwa kwa omega-3 kama inavyosifiwa kitani. Mwaka 1996 Belluzzi na wenzake wa Bologna, Italia, waliwapa wagonjwa 78 wa Crohn waliokuwa wametulia, nusu mafuta ya samaki na nusu kidonge kitupu, wakawaangalia kwa mwaka mzima. Waliopewa mafuta walirudiwa na ugonjwa asilimia 28. Waliopewa kidonge kitupu, asilimia 69. Ni nani ambaye, akiona tofauti kama hiyo, asingesimama kunadi kuwa tiba imepatikana? Ikaja mwaka 2008 majaribio mawili makubwa zaidi, moja la wagonjwa 363 na jingine la 375, wa nchi mbalimbali. Katika la kwanza walirudiwa asilimia 31.6 ya waliopewa mafuta na asilimia 35.7 ya wasiopewa. Katika la pili, asilimia 47.8 na asilimia 48.8. Tofauti ilikuwa imeyeyuka. Mafuta ya samaki, basi, yalikuwa na ushahidi wa kibinadamu ulio bora kuliko wowote ambao habasoda imepata kuwa nao kwa maradhi haya, na bado yalianguka yalipotiwa katika mizani pana. Anayetuambia leo kuwa mafuta ya mbegu hayahitaji mizani hiyo na atueleze yamesalimika kwa baraka gani ambayo samaki hakupewa.

Liko pia jambo ambalo ndani yake rai hii hujipinga yenyewe. Wauzaji wengi wa mafuta ya dawa huanza maneno yao kwa kuyashutumu mafuta ya kula ya viwandani, na hapa Thika, mji ambao kampuni ya Bidco imesindika mafuta ya kula tangu mwaka 1991, hawaendi mbali kutafuta pa kunyooshea kidole. Alizeti, wasema, ni sumu ya utumbo. Habasoda ni shifa yake. Lakini mafuta ya alizeti yaliyozoeleka na mafuta ya habasoda, yakichambuliwa kwa kemia, ni ndugu wa karibu: sehemu kubwa ya yote mawili, aghalabu nusu au zaidi, ni asidi ya linoleiki, na thaimokwinoni inayosifiwa ni chembe ndogo tu katika mafuta, tena kiasi chake hutafautiana sana baina ya chupa na chupa kwa kadiri ya mbegu, namna ya kukamua, na muda wa kukaa rafuni. Mwaka 2009 ulitangazwa uchunguzi uliofuatilia watu zaidi ya laki mbili wa Ulaya, ambao 126 miongoni mwao walikuja kushikwa na kolaitisi ya vidonda, na wale waliokula asidi ya linoleiki nyingi zaidi walionekana kuwa na uwezekano wa kuugua wa takriban mara mbili na nusu ya waliokula kidogo zaidi. Sisemi kuwa hapo pamethibitika kwamba mafuta ndiyo chanzo, kwa kuwa kuandamana kwa mambo si kusababishana, na sheria niliyoitumia kwa ushuhuda wa sokoni sina ruhusa ya kuiacha hapa kwa kuwa imenielemea upande wangu. Nasema tu kwamba anayeuchukua uchunguzi wa namna hiyo kuihukumu alizeti hana budi kuihukumu habasoda kwa sheria hiyo hiyo, na asiyetaka kuihukumu habasoda aiachie alizeti nayo. Kuhukumu ndugu mmoja na kumwachia wa pili kwa sababu mmoja huuzwa kwa lita na mwingine kwa kichupa si ilimu, ni biashara.

Hapo aghalabu mazungumzo huhamishwa kutoka kemia kwenda kwenye mila na dini, ambako inadhaniwa kuwa mpinzani hatathubutu kufuata. Mimi nafuata, tena kwa adabu. Wazee wa Agikuyu waliikamua mbarika, wakajipaka mafuta yake mwilini na kulainishia ngozi za mavazi yao. Yalikuwa mafuta ya heshima, na matumizi yake yalijulikana mipaka yake. Leo yuko anayemshauri mtu mwenye utumbo uliochubuka ayanywe mafuta hayo hayo ili atoe sumu mwilini, hali asidi ya risinoleiki iliyomo huushurutisha utumbo kujikaza na kuharisha, na ndiyo sababu ulimwengu wote umeyajua kuwa ni mafuta ya kuendesha. Kumwongezea kuharisha mtu ambaye maradhi yake ni kuharisha si kuifuata mila ya wazee, bali ni kulitaja jina lao katika jambo wasilolifanya.

Ama habasoda, Waislamu wa Thika na Ruiru, kama wenzao wa pwani, wanaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inayoisifu mbegu hii kwa shifa kubwa, nami siinui sauti yangu juu yake. Nawakumbusha tu wanaoinadi kwamba maulamaa walioishi na hadithi hiyo karne nyingi kabla yetu hawakuifahamu kuwa ni ruhusa ya kuacha kuchunguza. Al-Khattabi aliona kuwa tamko lake ni la jumla na makusudio yake ni mahususi. Na Ibn al-Qayyim, katika maandishi yake juu ya tiba ya Mtume, aliifunga kwenye maradhi ya tabia ya baridi, kwa mujibu wa ilimu ya tiba ya zama zake. Tena imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume alimwelekeza sahaba wake Saad, alipougua, kwa Harith bin Kalada, aliyekuwa tabibu. Ikiwa maulamaa wa zamani walijiuliza ni maradhi gani, ni kipimo gani na ni mgonjwa gani, sisi tunaokataa kuuliza hatuwazidi kwa imani. Tumepungukiwa na bidii waliyokuwa nayo.

Imebaki hoja ya umaskini, nayo ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Wataniambia: wamtaka mtu wa kibarua akachunguliwe utumbo kwa kamera, kwa fedha asizo nazo, kisha anywe mesalazini kila siku, au adungwe infliximabu, ambazo bei yake humtoa machozi hata mwenye mshahara? Nakiri kuwa hii ni dhuluma, na kalamu yangu iko pamoja na kila anayeipigia kelele. Lakini umaskini hauigeuzi chupa isiyo dawa ikawa dawa. Humfanya tu maskini apoteze fedha chache alizo nazo. Wala si kweli kwamba hakuna kilicho baina ya infliximabu na kibanda cha sokoni. Sulfasalazini, iliyobuniwa na tabibu wa Sweden, Bibi Nanna Svartz, kiasi cha mwaka 1940, na prednisoloni, jamaa ya ile kotisoni ya Oxford, ni dawa za zamani zilizojaribiwa na ambazo bei yake haiko mbinguni, ijapokuwa kila moja ina madhara yake na yataka uangalizi wa tabibu. Anayemwambia mgonjwa aziache ili mafuta yapate nafasi ya kufanya kazi humtia katika hatari tatu. Ya kwanza ni kurudiwa na ugonjwa: katika uchunguzi wa wagonjwa 99 uliotangazwa na matabibu wa Chicago mwaka 2003, wale waliokuwa wavivu wa kunywa mesalazini walikuwa na hatari ya kurudiwa zaidi ya mara tano ya hatari ya walioshika dawa yao. Ya pili ni kwamba prednisoloni iliyonywewa kwa muda haikatwi ghafula, kwa kuwa mwili huwa umesahau kutengeneza homoni yake wenyewe, na mtu aweza kuzimia au kufa. Ya tatu ni kwamba kolaitisi iliyokaa miaka minane, kumi na zaidi huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana, na saratani haionekani na mtu aliyeibadilisha kamera kwa kijiko.

Naomba niliseme wazi jambo moja la uhai. Truelove na Witts hao hao walituachia kipimo ambacho hadi leo matabibu hukitumia: mwenye kolaitisi akiharisha damu mara sita au zaidi kwa siku, na pamoja na hayo ana homa, au moyo unamwenda mbio kupita mapigo 90 kwa dakika, amefikwa na shambulio kali, na mahali pake ni hospitali siku hiyo hiyo. Muuzaji yeyote anayemwambia mtu wa namna hiyo avumilie majuma mawili kwanza mafuta yaingie mwilini amebeba roho ya mtu mkononi bila ya kujua uzito wake.

Nisidhaniwe kuwa nimeungana na kundi la pili, dogo lakini lenye sauti, la wasomi wanaosema kwamba mbegu ni upuuzi na habari iishe hapo. Hao nao wamehukumu bila ya kupima, na kosa lao ni lile lile limevaa koti jeupe. Mwaka 1999 matabibu wa Hispania waliwajaribu wagonjwa 105 wa kolaitisi ya vidonda waliokuwa wametulia, wakawapa baadhi mbegu za Plantago ovata, ule mmea ambao makapi ya mbegu zake huuzwa katika maduka yetu ya Wahindi kwa jina la isabgol, na baadhi mesalazini, na baadhi zote mbili. Kwa mwaka mmoja walirudiwa asilimia 40 ya waliokula mbegu, asilimia 35 ya waliokunywa mesalazini, na asilimia 30 ya waliochanganya. Jaribio hilo nalo si kubwa, wala halikutoa ruhusa kwa mtu yeyote kutupa dawa zake. Lakini mbegu ilisimama mbele ya dawa ya hospitali ikapimwa kwa mizani moja, na haikuaibika. Hiyo ndiyo heshima ninayoitaka kwa habasoda, kwa kitani na kwa mlonge, na ni heshima ambayo mwenye dharau huinyima mbegu kwa kukataa kuipima, na mwenye ushabiki huinyima kwa kudai kuwa imekwisha kupimwa.

Ardhi yetu yenyewe inajua maana ya kupima. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ugonjwa wa chulebuni, unaoozesha buni changa mtini, uliyateketeza mavuno ya kahawa ya Kenya, na wakulima wa nchi hii walikuwa na kila sababu ya kukimbilia chochote walichoambiwa. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kikaanza mwaka 1971 kazi ya kuzalisha mbegu yenye kinga, na mbegu hiyo, Ruiru 11, haikutolewa kwa wakulima mpaka mwaka 1985. Ilikuwa miaka kumi na minne ya kuchavusha, kupanda, kuambukiza kwa makusudi, kuhesabu, kung'oa iliyoshindwa na kuionja iliyobaki. Hakuna aliyesema kuwa mti mmoja usiougua katika shamba la mtu mmoja ni ithibati ya kutosha. Ikiwa mkahawa wa Ruiru ulistahili subira hiyo, kwa haki gani utumbo wa mkazi wa Ruiru unajaribiwa kila asubuhi kwa kijiko, bila ya daftari, bila ya mizani, na bila ya mtu wa kuuliza wale 84 walikwenda wapi?

Na vyombo vya kupimia tunavyo. Katika barabara hii moja, kutoka Thika kupita Juja hadi Ruiru na Kahawa, ziko Mount Kenya University, chuo cha kilimo na teknolojia cha Jomo Kenyatta, na Chuo Kikuu cha Kenyatta pamoja na hospitali yake ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 2019. Iko hospitali kuu ya Thika. Na Nairobi, mwendo mfupi mbele, iko taasisi ya KEMRI yenye kituo chake cha utafiti wa dawa za asili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imezitambua tiba za asili, na kuitambua tiba ni kuiwajibisha pia. Jaribio ninalolidai si la ajabu: mafuta yaliyokamuliwa kwa njia moja inayojulikana, yakapimwa thaimokwinoni yake, yakatiwa katika vidonge laini ili ukali wa ladha usiitoe siri, yakapewa mamia ya wagonjwa pamoja na dawa zao za hospitali, si badala yake, wagawanywe kwa kura, na wenzao wapewe mafuta mengine yanayofanana, waangaliwe mwaka mzima kwa kamera na kwa kipimo cha kalprotektini, ishara ya mchochota, katika choo, pamoja na maneno yao wenyewe, na matokeo yatangazwe yawe matamu au machungu.

Mpaka siku hiyo, wajibu wa kila mmoja uko wazi. Muuzaji na auze mafuta yake kama chakula, asitamke neno kupona, na asimwachishe mtu dawa. Mgonjwa anayependa mafuta na ayanywe kwa kiasi akimweleza tabibu wake, na asibadilishe kitu kingine bila ya shauri lake. Tabibu na aulize habari ya mafuta bila ya kukaripia, kwa kuwa mgonjwa aliyekaripiwa mara moja hataeleza mara ya pili. Na anayeipenda mbegu kwa dhati, kwa ajili ya wazee wake au kwa ajili ya dini yake, na awe wa kwanza kubisha hodi katika vyuo hivi kudai ipimwe, maana mbegu ikiwa na shifa haitapungukiwa na kitu kwa kupimwa, na ikiwa haina, mgonjwa wa Thika ana haki ya kulijua hilo kabla ya utumbo wake kuharibika, si baada yake.